Nani Anawalisha Samaki wa Mama

Kilifi, 7 Juni 2025

Dada Subira,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotusumbua, na nyinyi huko najua sasa mnalala na soksi. Hanan anakusalimu na anauliza kama ile sweta ya Mama ilimtosha. Mtoto ameota meno mawili, anauma kila kinachopita mbele yake, hata mguu wa kiti.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Mama akijua ni mimi anataka spika iwekwe, na spika ikishawekwa tunabaki kuulizana kama mvua imenyesha. Kwa hiyo barua hii nimeitia ndani ya kasha la chumvi ya tangi la samaki wa Mama. Utakuta pia brashi mpya ya kioo, vichupa vya kupimia maji na mkebe wa chakula cha samaki. Mkebe huo ni mkubwa, utawatosha mpaka Desemba.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye ile video ya harusi ya binti wa Ami Sulemani, mlipokuwa mkiimba sebuleni kwa Mama, niliona tangi nyuma ya mabega ya watu. Uligeuza simu haraka, lakini niliona. Kioo kimekuwa kijani na mawe yameota nywele. Dada, mimi kutwa nzima nalea samaki wa mapambo wa watu wengine. Siwezi kudanganywa na tangi nililolijenga kwa mikono yangu.

Mwani hauoti bure. Unataka mwanga na unataka chakula. Ama pazia linaachwa wazi na jua linapiga kioo, ama unaongeza maji ya mfereji, ama samaki wanalishwa kupita kiasi na mabaki yanaoza chini. Ni lipi kati ya hayo?

Na Mama hali yake? Siku ya arobaini ya Baba tulikubaliana kwamba Mama atabaki Gatitu maadamu ni mzima na nyumba inaendeshwa vizuri. Akianza kudhoofika, anakuja kwangu. Sikukumbushi kwa ubaya.

Ndugu yako,
Shakir

Gatitu, 19 Juni 2025

Shakir,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Baridi imeingia na ukungu wake, mlima hatujauona wiki hii wala ile iliyopita. Sweta ilimtosha. Ami Sulemani mguu bado unamsumbua lakini alicheza harusini kushinda vijana, halafu akalala siku mbili. Mtoto mpe ganda la muwa atafune, aache viti.

Umenikumbusha kwa ubaya. Usiandike jambo halafu ukalifuta mstari huo huo.

Tangi nalitunza. Pazia halifunguliwi. Maji nanunua mjini kwenye lile duka la maji yaliyochujwa, siweki hata kikombe cha mfereji, na chumvi napima kama ulivyonionyesha. Samaki wanakula mara moja, baada ya sala ya alasiri, vile vile ulivyomzoesha Mama. Hao wawili wa rangi ya chungwa wamenona. Yule wa manjano anashinda akidonoa mawe, lakini mwani unamshinda. Nikisugua kioo leo, keshokutwa kimerudi. Umekuwa mrefu, ukiushika unateleza, na pampu ikipuliza unapepea wote upande mmoja. Wageni wanasema ni mapambo.

Mama hajambo. Anakula, anasali, anakusalimu.

Dada yako,
Subira

Kilifi, 11 Julai 2025

Dada Subira,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hanan alikuwa na homa, sasa ni nafuu. Usman, mtoto wa Ami, alipita hapa akielekea Lamu, akatuachia majani ya chai ya huko nyumbani na tukayanywa kwa uchoyo, wageni tuliwapa ya dukani.

Vipimo vya maji ulivyonitumia kwa ujumbe wa simu nimevisoma na sivielewi. Unasema maji ni safi kabisa. Tangi lenye mwani wa kupepea haliwezi kuwa na maji safi, isipokuwa mwani wenyewe unameza uchafu wote kabla hujaupima. Maana yake uchafu unaingia kila siku. Unatoka wapi?

Fanya hivi. Ng'oa mwani kwa mkono, wote unaoufikia, utupe nje mbali. Nyonya mchanga kwa ule mpira mwembamba. Halafu zima taa na ufunike tangi lote kwa blanketi nzito, siku tatu, pasiingie hata mwanga wa sindano. Pampu iachwe ikifanya kazi, na usiwalishe. Samaki watavumilia, mwani hautavumilia. Ukifunua, badilisha maji kidogo, na taa iwake saa chache tu kwa siku.

Lingine. Nimepiga simu mara nyingi tangu Juni. Kila nikipiga, Mama amelala, au yuko bafuni, au yuko kwa jirani. Zamani Mama alikuwa ananipigia yeye mwenyewe na kunilaumu kwamba nimenyamaza. Kuna nini?

Shakir

Gatitu, 2 Agosti 2025

Shakir,

Tumechelewa kujibu, nilikuwa na nguo za shule za kushona na cherehani iliharibika katikati ya kazi. Hanan tunamwombea afya. Huku Ami Sulemani amepata mjukuu wa kike, wamemwita Aaliya, ana nywele nyingi na sauti ya mwadhini.

Mwani niling'oa, ukajaa karai. Mchanga nimenyonya. Tangi nimelifunika kama ulivyosema. Ulipungua, sasa umerudi.

Tafadhali tuma mkebe mwingine wa chakula. Ule umekwisha.

Mama hana neno. Baridi inamfanya alale mapema.

Subira

Kilifi, 10 Agosti 2025

Dada,

Salamu. Hongera kwa Ami na mjukuu.

Ule mkebe ulikuwa wa kufika Desemba. Huu ni Agosti. Nimekaa na maneno yako mkononi tangu jana nikijaribu kukufikiria mema, na nimeshindwa. Samaki watatu hawawezi kumaliza mkebe ule. Wangekwisha kupasuka.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo utalichukia. Nilimpigia Beth wa duka la pembeni nikamwomba apite nyumbani kama mtu anayeleta maziwa. Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, usije ukadhani nimeongeza chumvi:

"Shakir, hiyo nyumba iko na maneno. Geti imefungwa na kufuli saa nane mchana, na imefungwa na ndani. Nimepiga hodi mpaka mkono ikauma. Kwa veranda niko naona gambuti za mwanaume, kubwa, ziko na matope. Halafu Subira akafungua kidogo tu, akachukua maziwa kwa hiyo nafasi, ati mama analala. Na mimi nasikia mama anaongea huko ndani."

Nilimuuliza kama wiki ile ya blanketi aliona dirisha la sebule likiwa giza. Alisema taa ya buluu ya tangi ilikuwa ikiwaka kila jioni, aliiona akifunga duka. Hukufunika, Dada. Uliniandikia kwamba umefunika.

Nakuuliza kama ndugu. Nani anaishi kwenye nyumba ya Mama? Kwa nini unafunga kufuli mchana? Ukiwa na mtu, wewe ni mwanamke mzima, umeachika, hakuna anayekukataza kuolewa. Lakini kama Mama anafungiwa chumbani ili nyinyi mpate nafasi, nitakuja kumchukua, na hiyo nyumba tutaipangisha.

Shakir

Gatitu, 24 Agosti 2025

Shakir,

Umenitumia jirani na maziwa. Haya. Maziwa yalikuwa yameganda, mwambie mpelelezi wako.

Gambuti ni za Kingori, fundi wa mifereji, ambaye huniletea yale maji yako yaliyochujwa kwenye pikapu yake kwa sababu mimi siwezi kubeba madumu kutoka mjini. Huvua viatu mlangoni kwa kuwa ana adabu. Wengine huingia na viatu hata kwenye maisha ya watu.

Na mimi pia nina masikio. Usman aliporudi kutoka Lamu alitupitia. Alisema Hanan amemwonyesha chumba kilichopakwa rangi na kitanda kipya cha chini, cha mtu mzee. Hiyo ilikuwa Julai. Julai bado ulikuwa unaniuliza habari za mwani! Kumbe kila ulipouliza kioo kina rangi gani ulikuwa unatafuta sababu. Ulishaamua. Unataka tu mimi niandike neno moja la kukupa ruhusa, ndiyo Mama aondolewe na mimi nitolewe kwenye nyumba kwa maneno ya adabu.

Sitaliandika.

Chakula usipotuma, nitanunua mwenyewe.

Subira

Kilifi, 30 Septemba 2025

Dada Subira,

Assalaam alaykum. Nimekaa mwezi mzima sikuandika. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikaona aibu, halafu nikaanza kuogopa. Kuhusu Beth, nisamehe. Chumba ni kweli kipo. Hanan alikipaka rangi bila kuniuliza, na mimi nilipokiona nilifurahi. Hilo sitalificha.

Lakini usidhani nimeacha kulifikiria tangi. Mtu anaweza kuniandikia anachotaka, tangi linaniambia kilichotiwa ndani yake. Maji ni ya kuchujwa, hilo sasa naliamini. Pazia limefungwa. Taa uliipunguza. Yamebaki matumbo ya samaki. Chakula kinaingia mle ndani mara nyingi mno, kila siku, tangu mwezi wa tano au kabla, na mkebe uliokwisha Agosti ni shahidi. Wewe huwezi kufanya hivyo, wewe hata sisi ulitupimia sukari. Kingori anakuja na kuondoka.

Amebaki mtu mmoja ndani ya nyumba ile, Dada, na ndiye usiyeniruhusu kuongea naye kwenye simu.

Nani anawalisha samaki?

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa ya tatu ya mwezi ujao nitakuwa Nyeri. Ningependa nijue kabla sijagonga geti.

Shakir

Gatitu, 9 Oktoba 2025

Ndugu yangu Shakir,

Waalaykum salaam. Sina habari za harusi wala za wajukuu leo.

Ni Mama.

Ulipoleta lile tangi alikuwa anaogopa kuwasahau samaki, ukamwambia, "Walishe ukimaliza alasiri, Mama, sala husahau?" Na kweli hakuwahi kusahau. Akishakunja mswala, anachukua mkebe, anawaita kwa Kikikuyu, anawatilia. Mvua za masika zilipokuwa zikiisha nilimwona siku moja amelisha, amekaa kidogo, ameangalia dirishani, akasema, "Alasiri imeingia." Akaenda kutawadha upya. Akasali. Akawalisha. Nilidhani ni mara hiyo tu. Sasa kuna siku anasali alasiri mpaka magharibi inamkuta, na kila salamu anayotoa, samaki wanakula.

Nimfanyeje? Nimwambie mtu aliyesimama kwenye mswala kwamba ameshasali? Nilimwambia mara moja. Alinitazama kama mwizi, akasema ninamzuia ibada yake. Nikaficha mkebe. Akawamegea chapati, akatia na ugali, halafu akalia kwamba samaki wa Shakir wanalala njaa. Nikaurudisha. Nilikuwa nasugua kioo akiwa amelala ili asubuhi kiwe safi, nikijua jioni ni yale yale.

Blanketi nilifunika, naapa. Siku ya kwanza. Mama akatoka chumbani, akaona kitu kirefu kimefunikwa katikati ya sebule, akakaa chini. Akaniuliza ni nani amekufa. Nikamweleza. Akaniuliza tena. Akaanza kusoma Yasini, akanituma niende Wamagana nikawaambie ndugu zake. Nilifunua kabla ya adhuhuri. Sikuweza kukuandikia hilo, kwa hiyo nikakuandikia uongo.

Kufuli ni kwa sababu alitoka. Julai, kwenye ule ukungu, na sandali. Alikuwa anaenda Wamagana kwa mama yake. Nyanya, Shakir, ambaye wewe hukumkuta. Kingori ndiye aliyemwona barabarani akamrudisha, na ndiye aliyetuwekea lile kufuli. Na kwa kuwa najua utauliza, ndiyo, Kingori amenitaka. Bado sijamjibu. Namjibuje na geti limefungwa?

Simu nilikunyima kwa sababu siku nyingine anauliza Shakir ni nani.

Nilificha kwa ajili ya yale makubaliano yetu ya arobaini. Humu ndani amepotea, lakini gizani anaenda chooni bila kushika ukuta. Anajua ni dirisha lipi lina mlima hata kama mlima haupo. Ukimtoa hapa, atakuwa hana hata hicho. Na sitajifanya malaika: mimi pia sina pengine pa kwenda, na hilo nimelifikiria. Lakini nimelifikiria la pili, si la kwanza.

Njoo. Geti ligonge mara moja tu, kelele zinamtisha.

Subira

Kilifi, 26 Oktoba 2025

Dada yangu Subira,

Assalaam alaykum. Nimefika salama. Hanan na mtoto wazima. Uliniuliza pale getini Mama aliniambia nini na mimi nikakupita nikaingia kwenye gari bila hata kukuaga vizuri. Naandika sasa.

Nilikuja, nikwambie kweli, na begi tupu la nguo zake. Lilikuwa ndani ya langu. Barua yako niliisoma mara nyingi nikalia, na bado nilikuja na begi. Nilijiambia wewe umechoka, huoni sawa, mimi nitaona.

Uliposema unaenda kwa Beth kuchukua maziwa nilijua unatuacha makusudi. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, nikangoja acheke, aseme nimekonda. Akasema, "Wewe ndiyo fundi ya samaki? Umekawia."

Nikasema ndiyo, Mama, ni foleni. Nikakunja mikono ya shati nikaingiza mkono kwenye tangi. Mwani ulikuwa umefika juu, yule wa manjano hata haonekani. Nilianza kuung'oa kwenye mawe, na yeye akavuta kiti akanishikia karai. Kila nikitupa fungu anasema, "Pole, fundi." Tulifanya kazi hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kuongea, na sauti aliishusha kwa sababu yako, alidhani uko jikoni.

"Hizi samaki ni za kijana wangu. Iko Kilifi. Nataka akirudi apate ziko hai."

Nikamwambia ziko hai na zimenona.

"Fundi, mimi nasahau. Kitu inaingia hapa, inatokea hapa. Msichana yangu anafikiria sijui. Mimi najua. Anaosha hiyo kioo usiku, mimi namsikia, nanyamaza tu, nisimwongezee kazi."

Dada, Mama anajua. Wewe ulikuwa unanificha mimi, na yeye alikuwa anakuficha wewe.

Halafu akanishika mkono, ule uliolowa, akasema, "Usiambie Shakir. Akijua atanichukua."

Nikamuuliza, "Kwani huyo Shakir ni mbaya hivyo?"

"Si mbaya. Ananipenda sana. Ndiyo maana atanichukua. Na mimi sitaki kufia mahali sijui jina ya jirani." Akaning'ang'ania. "Apa, fundi."

Nikaapa. Nilisema wallahi, mbele ya mama yangu, kwamba sitamwambia mwanawe. Akaniachia mkono, akasema sasa nimalizie ile kona ya nyuma, nimeiacha chafu.

Kwa hiyo mwanawe hajaambiwa kitu, na wewe usimwambie. Begi nimerudi nalo tupu. Kile kitanda tumempa jirani, chumba atakitumia mtoto.

Sasa tangi. Nyuma ya mawe nimeweka kisanduku chenye taa yake ndogo na mwani wa aina nyingine, ule mnene. Huo uache, ndio utakaokula mabaki kabla ya huu wa nywele. Konokono niliowatia ni kumi na zaidi, usiogope ukiwakuta juu ya kioo. Mkebe mkubwa ufiche kabatini kwako. Kila asubuhi tia chakula cha siku moja kwenye ule mkebe mdogo niliomwachia Mama, changanya na zile punje za mwani mkavu nilizosaga ziwe vumbi, ili zionekane nyingi. Mwache asali alasiri anazotaka na alishe anavyotaka, kilichomo ndani hakitazidi. Usimzuie tena. Maji badilisha kila Jumamosi mpaka mawe yawe meupe. Kufuli liache, lakini Jumapili mtoe, mwende mpaka Wamagana akaone nyumba ya ndugu zake, na Kingori awapeleke. Na mjibu huyo mtu, hata kama ni kwa kupitia tundu la geti.

Nilipokuwa nafuta mikono Mama aliniuliza atanilipa nini. Nikamwambia kazi hii imeshalipwa na kijana wake wa Kilifi.

Akafurahi sana. Akasema, "Nilijua. Huyo hawezi kunisahau."

Mwezi ujao fundi atakuja tena. Mwambie Kingori aweke maji tayari.

Ndugu yako,
Shakir